Kutoka Mtumwa Hadi Siti: Maisha ya Siti Binti Saad

Kwa wapenzi wa taarabu, na kwa kila mwanafunzi aliyepitia somo la fasihi ya Kiswahili, jina la Siti binti Saad si geni. Aghalabu hutajwa sambamba na Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake, kisha hupitwa haraka, kana kwamba umaarufu wake ulitokana na sauti tamu na bahati njema tu. Hata hivyo, mwanamke huyu hakuzaliwa akiitwa Siti. Alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa.

Inafaa kusimama kidogo kwenye jina hilo. Kwa upande wa umbo, mtumwa ni yule anayetumwa: mzizi ni uleule wa kitenzi tuma, ukiwa na kiambishi cha kutendwa. Mzizi huohuo ndio uliozaa mtumishi, na ndio uliozaa Mtume. Lugha imeyaweka maneno haya katika nyumba moja ingawa jamii iliyatenga mbali kabisa. Katika Unguja ya wakati ule, hakuna aliyelisikia jina la binti wa Saad akaanza kufikiria sarufi. Lilimwambia kila mtu mahali pa kumweka. Watumwa wengi walipewa na mabwana zao majina ya heri na ya vitu vya thamani, kama vile Baraka, Faraji, Mabruki na Feruzi, na majina hayo nayo yaliwatambulisha kwa namna yake. Lakini jina la Mtumwa halikuwa na pazia lolote.

Wazazi wake walikuwa watu wa hali hiyo ya utumwa, na asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi. Namna Wanyamwezi na watu wengine wa bara walivyofika Unguja ni habari inayojulikana, japo hurahisishwa mno. Karne ya 19 ilipoanza kusonga, na hasa baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, mashamba ya mikarafuu yalipanuka kwa kasi na yakahitaji mikono. Mikono hiyo ilitoka Unyamwezi, Unyasa, Uzaramo, Uyao na kwingineko. Kufikia miaka ya 1860, inakadiriwa kwamba watumwa wapatao 20,000 walikuwa wakipitishwa Unguja kila mwaka, baadhi wakibakia visiwani na wengine wakisafirishwa Pemba, pwani ya Kenya na Uarabuni. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka wa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba aliolazimishwa na Waingereza, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali palepale. Hivyo binti wa Saad alizaliwa wakati soko halipo tena. Kilichokuwapo ni utumwa wenyewe. Kufunga soko kulizuia biashara ya wazi. Hakukumtoa mtu yeyote shambani kwa bwana wake.

Sheria ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa na Sultani Hamoud bin Muhammed tarehe 6 Aprili 1897, binti huyo akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Ni sheria inayostahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Haikumweka mtumwa huru. Ilimruhusu aende mahakamani kuuomba uhuru wake. Bwana alilipwa fidia kwa kumpoteza, ilhali aliyeachwa huru hakulipwa chochote, na tena alitakiwa aoneshe kwamba ana mahali pa kuishi na njia ya kujikimu. Masuria hawakuhusishwa, wao waliachwa wasubiri hadi mwaka wa 1909. Kwa mtu aliyelima shamba la mwingine tangu utotoni, ambaye nyumba yake, konde lake na hata jamaa aliowajua vilikuwa katika ardhi ya bwana, kwenda mahakamani kulikuwa na maana ya kutoka na kubaki bila pa kulala. Wengi hawakwenda. Walibaki mashambani wakijadiliana na mabwana upya, siku ngapi za kazi kwa haki ya kukaa. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka wa 1907, na huko nako walioachiliwa walibaki wakilima ardhi isiyo yao. Suala la maskwota wa pwani, ambalo limeendelea kuzisumbua serikali moja baada ya nyingine, lina mzizi mmojawapo hapo.

Huko Fumba, kazi ya binti Saad ilikuwa ufinyanzi. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavipeleka mjini kuviuza, safari ya kilomita zipatazo 20. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba njiani na wakati wa kuvinadi, na kwamba sauti yake ilitangulia kufika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Aliolewa, ndoa ikavunjika. Hakuwa amepata elimu ya shule. Mnamo mwaka wa 1911 aliamua kuhamia mjini moja kwa moja, uamuzi ambao maelfu ya watumwa wa zamani na watoto wao walikuwa wakiufanya miaka hiyohiyo.

Hawakuhamia Mji Mkongwe wa majumba ya mawe. Walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori, penye nyumba za udongo na makuti. Jina la mtaa huo halihitaji ufafanuzi: ng'ambo ni kule, na aliyelitoa alikuwa amesimama huku. Ng'ambo ndiko waungwana wapya walikojijenga, na walianza na nguo. Zama za utumwa, mavazi yalikuwa cheti. Mtumwa mwanamume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mjakazi hakujifunika kichwa. Alijifunga kaniki au merikani. (Merikani yenyewe ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, aghalabu kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, kwa hiyo kipande kimoja cha kitambaa kiliwaunganisha watumwa wa bahari mbili.) Baada ya 1897, kanga za rangi zikaenea, na baadaye buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wapo wageni walioona mambo haya kuwa kupenda makuu. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa chake kwa miaka 30 huenda ana maoni tofauti kuhusu ushungi.

Taarabu nayo ilikuwa na mlango wake, na mlango huo haukufunguka kwa kila mtu. Asili yake Unguja ni jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye alivutiwa na muziki wa Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume, mbele ya wakubwa. Mwaka wa 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, nacho kikaendeleza mtindo huohuo wa udi, kanuni na fidla. Mmoja wa wanamuziki wa chama hicho, Muhsin Ali, alimsikia binti Saad na kuamua kumfundisha. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka maneno ya Kiarabu, naye akayashika kwa masikio. Baada ya muda akawa anaalikwa harusini, katika majumba ya matajiri, na hatimaye mbele ya Sultani. Aliimba akiwa amejifunika uso. Waliompenda wakaanza kumwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Jina la Mtumwa likawekwa kando. Jina la baba, Saad, likabaki.

Kupanda kwake kuliwaudhi baadhi ya watu. Waimbaji washindani walimtungia mashairi ya kejeli, na kinachovutia ni silaha waliyoichagua. Hawakuibeza sauti yake, maana isingewezekana. Walimkumbusha nguo aliyoingia nayo mjini, wakauliza alianza lini kuhesabiwa miongoni mwa watu. Kaniki ilitajwa, na kila msikilizaji akaelewa bila kufafanuliwa kwamba linalosemwa ni utumwa. Sheria ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 wakati huo. Katika vinywa vya watu haikuwa imeanza kazi. Siti alijibu kwa wimbo. Hakudai nasaba asiyokuwa nayo, hakujitungia babu wa Shirazi wala wa Oman kama wengi walivyolazimika kufanya ili wapate kuishi kwa amani. Aliusogeza mzozo mahali pengine kabisa: uzuri wa sura na ukoo wa mtu si kitu pale ambapo akili haipo. Kwa mtazamo wa leo hoja hiyo ni ya kawaida. Katika mji ambao nasaba ndiyo iliyoamua nani ataketi na nani atasimama, ilikuwa hoja nzito, na wengi waliishika kwa moyo.

Mafanikio ya jumbani yangeweza kumtosha. Badala yake Siti alirudi Ng'ambo kila alipoweza. Pamoja na wenzake, akina Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruku Effandi Talsam, aliendesha nyumbani mikutano ya nyimbo iliyoendelea hadi usiku mwingi. Majirani walisikiliza, wakachangia maneno na kuleta habari za mtaani zikageuka tungo. Hapo ndipo mageuzi makubwa yalipotokea: taarabu ikaimbwa kwa Kiswahili, na ikaacha kuzungumzia mapenzi ya jumba peke yake. Ikazungumzia dhuluma ya makarani, kodi, polisi, mahakama na tabia za waume. Mwaka wa 1928, wakazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja kwa matajiri waliodai kumiliki ardhi chini ya nyumba zao, mtaa huo ulikuwa tayari umezoea kuyajadili mambo yake kwa sauti.

Wimbo unaokumbukwa zaidi ni ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuwa mja mzito, akatoka kwenda kustarehe pamoja na wenyeji wake, na usiku huo akauawa na mwanamume aitwaye Kijiti. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Waliotiwa mikononi na kuadhibiwa ni wanawake wawili waliokuwa wameandamana na marehemu. Siti anakisimulia kisa hatua kwa hatua, kama shahidi ambaye mahakama haikumwita. Hakuna mahali neno utumwa linapotajwa. Ila anayeifahamu Ng'ambo ya miaka ile anajua ni nani waliokosa wa kuwasemea mbele ya hakimu: watu wasio na ukoo mkubwa nyuma yao, ambao mabibi na babu zao walichukuliwa kutoka bara mmoja mmoja, pasipo mjomba wala shangazi. Huo ndio umaskini ambao fidia ya 1897 haikuuhesabu hata kwa mabwana.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, ambako kampuni ya HMV iliwarekodi. Anahesabiwa miongoni mwa wasanii wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuingia katika sahani ya santuri. Upande mmoja wa sahani za wakati huo ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo nyimbo zilizochukua nusu ya usiku Ng'ambo zililazimika kukatwa. Pamoja na upungufu huo, sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu pwani na bara, na kundi lilirudi Bombay tena. Katika migahawa ya Mombasa na Dar es Salaam, watu ambao hawangeweza kununua kinanda waliketi kusikiliza cha mwenye mgahawa.

Mwaka huohuo wa 1928, tukio jingine lilitokea ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hulisoma darasani bila kulihusisha na Siti. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwezi Juni, wawakilishi wa serikali za kikoloni na wamishenari waliafikiana kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa kuitekeleza kazi hiyo. Mjadala wa Kiunguja na Kimvita umeandikiwa mengi, na malalamiko ya wanazuoni wa Mombasa kwamba lahaja yenye ushairi mkongwe iliachwa kando yana uzito wake. Lakini katika mjadala wote huo swali moja huulizwa kwa nadra: Kiunguja cha mjini kilikuwa lugha ya nani? Sehemu kubwa ya wakazi wa mji wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa watumwa na watoto wa watumwa, Wanyamwezi, Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza wao kwa wao. Walikichukua Kiswahili wakakitumia kupikia, kugombana, kubembeleza watoto na kuuzia vyungu. Kamati haikuwafikiria hata kidogo ilipokichagua. Hata hivyo, lugha inayotahiniwa leo shuleni kote Kenya na Tanzania imepita vinywani mwao, na santuri za Siti ni miongoni mwa ushahidi wa mapema wa namna ilivyosikika.

Inavutia pia kuzilinganisha nyimbo hizi na kitabu kilichotoka muda mfupi baadaye. Mwaka wa 1934 James Juma Mbotela, mwana wa mateka aliyeokolewa baharini na kulelewa katika makazi ya wamishenari ya Frere Town karibu na Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kimesomwa na vizazi kadhaa. Ndani yake uhuru huletwa na manowari ya Waingereza na kukamilika mtumwa anapokabidhiwa kwa wamisheni, na shukrani hutolewa inavyostahiki. Siti hana manowari. Kwake uhuru haukufika siku yoyote inayoweza kutajwa tarehe. Ulidaiwa kidogokidogo, kwa nguo, kwa jina, kwa mahali pa kuketi. Msomaji anayekisoma kitabu cha Mbotela bila kuzisikia nyimbo za Ng'ambo anapata nusu ya habari.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Siti kuwa mwanamapinduzi ambaye hakuwa. Alimwimbia Sultani na kupokea zawadi zake. Ustaarabu alioutafuta, yaani buibui, Kiarabu kizuri, adabu ya jumbani na hilo jina lenyewe la Siti, ulikuwa umetengenezwa na tabaka lililowamiliki wazazi wake. Kuna wanaoona hapo udhaifu: kwamba alipanda ngazi badala ya kuiangusha. Hoja hiyo ina ukweli, ila inamtaka mfinyanzi wa Fumba awe na chaguo ambalo mji wake haukumpa. Wenzake wengi walifanya jambo la kimyakimya zaidi. Katika hesabu za watu za 1924 na 1931, idadi ya waliojiita Waswahili visiwani ilipungua ghafla na ya Washirazi ikaongezeka, kwa kuwa neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Watu walibadili kabila karatasini. Siti alibadili jina mbele ya wote, na waliomjua kwa jina la zamani walikuwapo wakisikiliza.

Shaaban Robert alikutana naye mwishoni mwa maisha yake, na Wasifu wa Siti Binti Saad ukachapishwa baada ya kifo chake. Ni kitabu muhimu mno katika historia ya nathari ya Kiswahili. Mwandishi mkubwa aliyaona maisha ya mwanamke wa tabaka la chini kuwa yanastahili kitabu kizima. Ni kweli pia kwamba Shaaban Robert alimwandika kama mfano wa maadili. Subira, bidii na kipaji vimepewa nafasi kubwa. Ukali wa nyimbo za Ng'ambo umepungua, na utumwa umekuwa mandhari ya mbali ambayo shujaa anaiacha nyuma. Mengi ya kisa cha Kijiti na mijadala ya usiku yamejulikana baadaye, kutokana na wanahistoria waliowahoji wazee wa Ng'ambo walioukumbuka mtaa wao. Wanafunzi wa fasihi simulizi wana la kujifunza hapo: maandishi na masimulizi yamemhifadhi Siti wawili wasiofanana kabisa.

Alifariki mwezi Julai mwaka wa 1950. Mwaka wa 1988 chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilianza kuchapisha jarida na kuliita Sauti ya Siti. Mwimbaji aliyemfahamu na kujifunza kwake, Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi. Kidude, aliendelea kuimba Kijiti katika kumbi za Ulaya na za nyumbani hadi uzeeni kabisa, akiwa na ngoma yake kiunoni. Yeye aliaga dunia mwezi Aprili 2013. Fumba siku hizi inajengwa majumba ya kisasa ya kuuzwa, na barabara ya lami inapita njia ambayo binti Saad aliitembea na vyungu kichwani.